Siku Nyuki Walipomshtaki Mama

Kuna aibu ambazo mtu huzikwa nazo, lakini hii yangu nimeamua kuitoa mwenyewe nikiwa bado hai, kwa sababu hata nikinyamaza watu wa Bisil wataisimulia kwa niaba yangu na wataongeza chumvi, na huku kwetu Kitengela kuna mama mmoja kanisani ambaye mpaka leo kabla hajanisalimia hunusa kwanza. Sasa niko Form Four, nimekua kidogo (wengine wanapinga), na nimeona heri muisikie kutoka kwa mwenye makosa.

Naitwa Simaloi. Mama yangu watu humwita Mama Naipanoi, kwa jina la dada yangu mkubwa, na kazi yake ni kuuza chai na chapati kwenye mnada wa mifugo, siku moja hapa Kitengela, siku nyingine kule Bisil, na kama umewahi kufika mnadani unajua pale hakuna kivuli, kuna vumbi, mbuzi, wanaume wanaobishana bei ya ng'ombe, na jua. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo Mama na jua la Kajiado wamekuwa wakitazamana uso kwa uso bila mtu wa kuwaachanisha.

Ilianza na neno moja. Nilikuwa nimeenda kumsaidia kuosha vikombe, likizo ya Desemba, nikitoka Form Two, na kijana mmoja mnunuzi wa mbuzi akanyoosha kikombe chake akasema, "Koko, hebu niongezee sukari." Koko kwa Kimaasai ni nyanya. Sasa, Mama alikuwa na miaka arubaini na mitatu, na yule kijana alikuwa na ndevu. Mama akamwongezea sukari, akamwongezea mpaka ikawa uji, lakini jioni tukiwa nyumbani nilimkuta amesimama mbele ya kile kioo chetu kilichopasuka, amevuta ngozi ya pembeni mwa macho kwa vidole viwili kama mtu anayenyoosha shuka.

"Yeyo, unafanya nini?" nikamuuliza, maana Yeyo ndivyo sisi humwita mama.

"Naangalia kama bado niko humu ndani," akasema.

Nilicheka, kwa sababu mimi hucheka kila kitu, lakini usiku ule lile jibu lilikataa kutoka kichwani.

Na ilitokea kwamba siku ya mwisho ya muhula, Bwana Mutua wa Kemia alikuwa ametuambia kwamba kinachozeesha ngozi sana ni jua kuliko hata miaka, na kwamba kuna watu wa nchi za mbali ambao huchachusha majani na mchele na kupaka maji yake usoni, kwa kuwa mmea ukichacha, yale mazuri yaliyofungiwa ndani yake huachiliwa na kutoka, akasema anayetaka kuingia maonyesho ya sayansi muhula wa pili atumie likizo kutafuta wazo kama hilo. Kisha akasema jambo lingine muhimu kuhusu kupima kitu kwanza kabla ya kukipaka mtu, lakini hapo ndipo nilikuwa nachora kichwa chake kwenye daftari, nikakosa kusikia mwisho. (Mchoro ulitoka vizuri sana, masikio hasa.)

Nikajiambia, Simaloi, wewe ndiye utakayemrudisha Mama kwenye kioo. Ua wa nyuma ya nyumba yetu ulikuwa umejaa shubiri, ule mmea wenye majani manene ya miiba ambao sisi huita osuguroi, na kila mtu anajua ute wake hutuliza ngozi iliyoungua. Nikakata majani, nikakamua ute, nikatia sukari, nikafungia kwenye mkebe wa jemu na kuuweka chini ya kitanda. Siku ya tano dada yangu Naipanoi alisimama mlangoni ameziba pua.

"Simaloi, kuna kitu kimekufa chini ya kitanda chako, ama ni miguu?"

Nilipofungua mkebe nilikuta umeota manyoya kama paka. Basi nikajua ninachokosa ni chachu nzuri, kitu cha kuanzishia, kama hamira kwenye unga.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu bila hilo hamtaelewa ukubwa wa ujinga wangu. Naipanoi alikuwa anaolewa. Mambo ya kanisa yalipangwa Kitengela mwanzoni mwa Januari, lakini kabla ya hapo wazee wa pande zote mbili walitaka kuwabariki bibi na bwana harusi kwa desturi, kule kwa Baba Mkubwa karibu na Bisil, na baraka ile huenda na enaisho, pombe ya asali, ambayo mzee huipiga funda na kuwanyunyizia kidogo wanaobarikiwa. Mama ni mtu wa kanisa, mwenyekiti wa akina mama, yule anayefunga kitambaa cha zambarau na kukaa kiti cha mbele, na pombe hajawahi kuionja hata ya kikohozi. Alikubali kwa shingo upande, akawaambia wazee mbele ya watu wote: "Fanyeni desturi yenu, lakini kibuyu hicho mimi sitakigusa wala kukikaribia." Kumbukeni maneno hayo.

Na enaisho haitengenezwi na mtu yeyote tu. Huchaguliwa mtu mmoja wa mwenendo safi, na siku zote za kuchacha hulala karibu na kibuyu, mbali na mke wake, mbali na ugomvi, mbali na kila kitu cha kumchafua moyo. Ikiharibika, swali la kwanza haliwi juu ya asali. Huwa juu ya aliyeitengeneza. Aliyechaguliwa alikuwa Baba Mkubwa mwenyewe, kaka ya marehemu baba, mzee mpole ambaye hata kuku akimfukuza humwomba msamaha.

Tulifika kwake siku nne kabla ya sherehe kusaidia kazi, na jioni ya kwanza nilichungulia pale Baba Mkubwa alipokuwa akilala nikaona kibuyu kimewekwa karibu na moto, kimefunikwa, kinatoa povu na kuongea chenyewe taratibu, na juu ya povu vinaelea vipande vya mizizi.

"Baba Mkubwa, hiyo mizizi ni ya nini?"

"Ni osuguroi, mtoto wangu. Bila hiyo asali haielewi kazi yake."

Ndugu zangu, nilikaribia kuimba. Kumbe wazee wetu walikuwa wakichachusha kwa shubiri kabla Bwana Mutua hajazaliwa, na mimi nahangaika na paka wa mkebe! Chachu yangu ilikuwa pale, mita mbili kutoka puani mwangu.

Ningeweza kuomba. Lakini ningeomba, ningeambiwa hapana, na mimi neno hapana tulikosana nikiwa mdogo. Kesho yake mchana Baba Mkubwa alitoka kwenda kuangalia ng'ombe wa sherehe, nikaingia na kikombe. Kikombe kimoja tu, ndivyo nilivyoamua, na ningeishia hapo leo hii singekuwa na hadithi. Lakini kikombe kimoja kiliniangalia kwa huzuni, nikaona hakitatosha kwa Mama na shangazi wa pale bomani na maonyesho ya sayansi, nikachota cha pili, halafu nikaenda kuchukua chupa ya plastiki ya lita mbili. Nilipomaliza, kibuyu kilikuwa kimepungua mpaka mtoto angejua, basi nikachukua maji ya mtungi nikajazia, nikatikisa kidogo, nikafunika, nikatoka nikipiga mluzi. (Mluzi! Hata mwizi wa kuku huwa na adabu ya kunyamaza.)

Nilichanganya ute wa shubiri na ile enaisho, nikaacha ichache siku moja karibu na jiko la shangazi nikisema ni dawa ya ndama, nikachuja kwa leso, nikakoroga na mafuta ya kukamulia ng'ombe mpaka ikawa laini, rangi ya maziwa ya chai. Kusema kweli ilipendeza. Nikampelekea Mama jioni.

"Hii ni nini?"

"Mafuta ya shule, Yeyo, ya kukinga jua. Bwana Mutua ndiye ametufundisha. Imepimwa maabara."

Imepimwa maabara! Maneno mawili, na ndiyo ninayoyajutia kuliko hata wizi wa kibuyu. Kwa sababu Mama hakumaliza shule, na kitu kikitoka shule kwake ni kama kimetoka madhabahuni, ndiyo maana anakaangwa na jua ili mimi nikae darasani kivulini nikichora masikio ya walimu. Alichovya kidole, akapaka taratibu chini ya macho, kwenye paji la uso, shingoni. Nyumba ilikuwa imejaa moshi, hakusikia harufu yoyote. Akajiangalia kwenye kioo cha shangazi, akatabasamu, akageuka upande huu na upande ule.

"Simaloi," akasema, "Mungu akubariki. Naona ngozi inavutika."

Ilikuwa inavutika kwa sababu asali ilikuwa inakauka. Lakini nilisema, "Umeona, eeh?"

Asubuhi ya sherehe nilikuta mafuta yameanza kukauka kwenye kopo, nikamimina juu yake enaisho yote iliyobaki kwenye chupa, nikakoroga vizuri. Na Mama, kwa kuwa mpiga picha wa Bisil alikuwa anakuja na kamera yake, na kwa kuwa jua siku hiyo lilitoka mapema kama linadai mtu, alipaka nyingi. Uso, shingo, mikono mpaka kwenye viwiko. Hata leso aliyozoea kujifunika nayo kichwani aliiacha, akaniambia, "Si nina kinga ya shule?" Akatoka nje anang'aa kama sufuria mpya.

Wageni walifika. Upande wa bwana harusi uliongozwa na mzee mmoja mrefu aitwaye Parsaloi, macho yake hayapepesi, na kutoka Kitengela walikuja akina mama wa kanisa kwa gari la kukodi, wakiongozwa na Mama Grace, makamu wa Mama. (Mama Grace ni mtu mzuri. Ila akisikia jambo tumboni mwake halikai, ni kama maziwa kwa mtu mgonjwa.) Watu wakasalimiana, watoto tukainamisha vichwa tukashikwa utosini, nyama ikanukia, na wazee wakaketi kwenye viti vyao vidogo, Naipanoi na bwana harusi wakapigishwa magoti mbele yao. Baba Mkubwa akaleta kibuyu kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga, akamimina, akamkabidhi Mzee Parsaloi.

Mzee akapiga funda. Mashavu yakajaa. Tukangoja anyunyize baraka.

Hakunyunyiza. Alisimama vile, mashavu yamejaa, macho yanaangalia mbali, kisha akageuka pembeni akatema chini.

"Lemayian," akamwita Baba Mkubwa kwa jina lake. "Haya ni maji uliyooshea kibuyu?"

Watu wakaguna. Baba Mkubwa akachukua kikombe, akaonja. Nilimwona uso ukimteremka. Mzee Parsaloi akauliza lile swali, kwa sauti ya chini ambayo ilisikika mpaka boma la ndama: "Mkono uliotengeneza hii ulikuwa safi?"

"Nimelala na hiki kibuyu siku zote," Baba Mkubwa akasema. "Nimelala nacho kama mtoto mchanga." Na mkewe, aliyekuwa amesimama karibu na sisi akina dada, akafunika uso kwa shuka, kwa sababu watu walikuwa wameanza kumwangalia yeye.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Miguu ilikuwepo, mdomo ulikuwepo. Ungefikiri mtu anayepayuka darasani kutwa angeweza kupata neno moja.

Mama ndiye aliyesogea. Aliona shemeji yake anaaibishwa, na akafanya kile anachofanya mnadani wanaume wakitaka kupigana, yaani akachukua birika la chai. Akapita katikati ya wazee, akainama mbele ya Mzee Parsaloi amimine. Na jua lilikuwa limempiga tangu asubuhi, jasho limeanza, mafuta yameyeyuka, na alipoinama ile harufu ilitoka kwake kama mtu amefungua mlango wa kilabu.

Mzee akarudisha kichwa nyuma. Akanusa. Aliyeketi kando yake akanusa. Kisha nyuki akaja. Mmoja tu kwanza, akamzunguka Mama shavuni, Mama akampunga kwa mkono, akaja wa pili, na wa tatu, na nzi nao wakaona wasiachwe nyuma.

Mzee Parsaloi akasema polepole, "Tulikuwa tunauliza enaisho imeenda wapi. Hata nyuki wanajua."

Kuna kicheko kilipasuka upande wa vijana. Upande wa kanisa hakuna aliyecheka. Mama Grace alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, na macho yake juu ya ile mikono yalikuwa yanakimbia kila mahali kama mtu anayehesabu mashahidi.

"Mimi?" Mama akasema.

Akainua mkono wake mwenyewe, akaunusa. Halafu akainua macho, akapita juu ya vichwa vya watu wote mpaka akanifikia mimi. Akajua. Nawaambia alijua kila kitu hapo hapo, maabara na yote. Nikangoja aniite. Angesema tu "Simaloi, njoo hapa," na ingeishia hapo.

Mama akaweka birika chini. "Nisameheni, wazee," akasema, na akatembea kuelekea nyumbani, nyuki wakimfuata.

Nilisimama. Wazee wa upande wa bwana harusi wakainuka, wakaenda kando ya ua wa ng'ombe kushauriana kama nyumba yenye kibuyu cha namna hii na mama wa namna hii ni nyumba ya kuoa. Naipanoi alikuwa bado amepiga magoti, machozi yanadondoka kwenye shanga. Gari la kanisa nikasikia linawashwa. Na mimi bado nimesimama, najiambia labda mtu atasema kitu, labda mvua itanyesha, labda mzee atakumbuka jambo lingine. Nilipoangalia mlango wa nyumba nikamwona Mama ndani, anajisugua uso kwa maji na sabuni ya kufulia, anasugua kwa nguvu, kama anataka uso utoke.

Ndipo miguu ikatembea. Msichana hatembei tu kuingia baraza la wazee, lakini nilichukua kopo na ile chupa tupu, nikaenda mpaka uani, nikapiga magoti bila kuambiwa.

"Ni mimi," nikasema. "Enaisho nimeiba mimi. Nikajaza maji. Baba Mkubwa hajui, na Mama hajanywa. Mama nimempaka."

Wazee wakaangaliana. "Umempaka?"

Nikatoa kopo. Likapita mkono kwa mkono, wakinusa mmoja mmoja kama wanunuzi wa tumbaku. Mzee Parsaloi akachovya kidole, akasugua kwa kidole gumba.

"Kwa nini?"

Maneno yote ya Bwana Mutua yakatoroka. Nikasema tu, "Nilitaka jua lisimzeeshe Mama."

Mzee akajishika shavu lake, ambalo lina mikunjo mpaka unaweza kupanda mahindi. "Na hii," akasema, "ni jua, ama ni watoto kama wewe?"

Wakacheka, na kicheko kile kilinipiga kuliko fimbo. Wakarudi, wakamwomba Baba Mkubwa msamaha mbele ya watu, wakaagiza maziwa na majani mabichi, na dada yangu akabarikiwa kwa maziwa. Mama aliitwa atoke nje. Alitoka amejifunika leso usoni. Ngozi ilikuwa nyekundu na imevimba, shubiri na sabuni na jua vilikuwa vimemaliza kazi, na baada ya siku mbili ikaanza kubanduka. Lile jua nililotaka kumkinga nalo ndilo nililomkaanga nalo, tena kwa mafuta yangu mwenyewe.

Usiku nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Mimi nimebeba mengi, hata hilo lingepata mahali. Wewe ungelibebea wapi?" Akageukia ukuta.

Ningependa kuwaambia hadithi inaishia hapo. Lakini kumbukeni lile gari la kanisa, lililoondoka kabla sijafungua mdomo. Tuliporudi Kitengela tulikuta habari imefika, imeoga, imekula, na imetembelea kila nyumba: Mama Naipanoi amekunywa pombe ya baraka ya binti yake mpaka nyuki wakamfuata. Jumapili wazee wa kanisa walimwambia kwa upole "apumzike kidogo", na kitambaa cha zambarau kikafungwa kichwani mwa Mama Grace. Harusi ilikuwa Jumamosi tatu mbele. Mama angeingia kanisani siku ya harusi ya bintiye akakae nyuma, kama mgeni.

"Waambie ukweli, Yeyo," Naipanoi akasema.

"Nimewaambia. Wamesema wa kwanza kukana pombe ni yule aliyekunywa."

Wote wawili hawakuniangalia. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya.

Na sasa nawaambia aibu yangu ya kweli, ile ya Bisil ni kichekesho tu. Jumapili ya kwanza sikusema kitu. Jumapili ya pili sikusema kitu. Bisil niliongea kwa sababu hakuna anayenijua, lakini kanisani Kitengela kuna wavulana wa kwaya ambao ningekutana nao shuleni, na niliwaza vile wataniita, nikaona heri wamwite Mama. Niliwaza hivyo hasa. Nikakaa kando yake kwenye benchi la nyuma, uso wake unabanduka chini ya leso, nikiimba nyimbo zote mpaka ubeti wa mwisho.

Jumapili ya tatu, ya mwisho kabla ya harusi, nilienda na kopo mfukoni. Kulikuwa na wakati wa ushuhuda. Nikasimama, nikatembea mpaka mbele, na nilipogeuka nikaona wavulana wa kwaya tayari wanatabasamu, kwa sababu Simaloi akisimama huwa kuna mchezo.

"Mama yangu hakunywa pombe," nikasema. "Nilimdanganya haya ni mafuta ya shule." Nikaona nyuso zile zile za kusema masikini mtoto anamtetea mamake. Basi nikafungua kopo (wiki tatu, jamani, lilikuwa limechacha mpaka kifuniko kikaruka), nikachota kwa vidole vitatu, nikajipaka uso mzima. Paji, mashavu, shingo. Kisha nikaenda benchi kwa benchi nikiinama mbele ya kila mama.

"Nuseni," nikasema. "Tafadhali nuseni."

Wengine waligeuza uso. Wavulana wa kwaya walikuwa wamelaliana kwa kicheko. Nikafika kwa Mama Grace, na kitambaa chake cha zambarau, nikamwekea shavu langu karibu na pua. Akanusa. Akanusa tena, sawasawa, kama mtu anayechagua nyama. Macho yakamjaa machozi (sijui ni toba ama ni harufu).

"Ni hiyo hiyo," akasema kwa sauti. "Haki ya Mungu, ni hiyo hiyo ya Bisil."

Na hapo nikasikia, kutoka benchi la nyuma, mtu anajaribu kuzuia kicheko na kushindwa. Alikuwa Mama. Alicheka mpaka leso ikamwanguka, uso wake wote wa mabaka ukaonekana, na ilikuwa mara ya kwanza nimwone anacheka tangu siku ile ya kioo. Mama Grace akafungua kitambaa kichwani mwake, akakipeleka nyuma mwenyewe.

Harusi ilikuja, Mama akakaa mbele. Mimi niliumuka kama mandazi siku sita, na hata wavulana wa kwaya walichoka kutunga majina. Shule ilipofunguliwa nilimweleza Bwana Mutua kila kitu, akavua miwani, akauliza, "Na ile sehemu niliyosema mjipime wenyewe kwanza, kidogo, mkononi?" Nikamwambia hapo nilikuwa nachora. Hakuuliza nilikuwa nachora nini, na mimi sikujitolea kumwambia.

Nimeapa mambo mawili. Sitampaka mtu kitu ambacho hakijakaa usoni mwangu kwanza, na nikikosea mahali, nitasema mahali pale pale kabla gari halijawashwa. Siku za mnada nikiwa likizo sasa mimi huenda na Mama, nimemfungia mwavuli mkubwa juu ya meza ya chai, na nimemnunulia kofia pana ambayo anasema inamfanya aonekane kama uyoga, lakini haivui.

Picha ya harusi iko ukutani sebuleni. Mama yuko mbele na kitambaa chake. Nyuma kabisa, kati ya mashangazi, kuna kitu kimevimba, chekundu, jicho moja limefumba. Wageni wote huuliza.

"Mama Naipanoi, na huyu nyanya ni nani?"

Na Mama hujibu bila hata kugeuka kutoka kwenye chapati zake:

"Huyo? Huyo ni daktari wangu."